Bunduki ya kuwinda iliyounganishwa nyumbani: uisawazishe kwa mita 50, 100 au 200?

Bunduki ikishaunganishwa, risiva (mwili wa chuma unaoshikilia mtutu) ya Remington 700 au Mauser 98 ikapata mtutu mpya, kitako kipya na darubini, kinachobaki ni kuchagua umbali ambao risasi itagonga palepale msalaba wa darubini unapoonyesha. Wengi huchagua kwa mazoea. Jirani amesema mia, basi mia. Mwingine amesoma kwenye pakiti ya risasi kwamba mia mbili ndiyo bora kwa kaliba yake, naye anazungusha nobu mpaka anafika huko. Chaguo hili linaamua utalenga wapi mnyama akisimama, kwa hiyo lina haki ya dakika chache za hesabu.

Kwanza sheria. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiyezuiliwa kumiliki silaha kujiunganishia bunduki ya matumizi yake mwenyewe, ila majimbo kadhaa yana masharti ya ziada. Tanzania mambo ni tofauti kabisa: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuunda au kukarabati silaha bila leseni ni kosa, kwa hiyo kazi ya mtutu na risiva ni ya fundi mwenye leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Yanayofuata yanamhusu mwenye kibali Tanzania, na yule aliyeunganisha bunduki yake Texas au Minnesota akapanga kuipeleka kwenye kitalu cha uwindaji.

Risasi inapita wapi hasa

Katikati ya darubini huwa juu ya katikati ya mtutu kwa karibu sentimita 4. Risasi inaanza safari chini ya mstari wa jicho, inapanda na kuukata mstari huo mara ya kwanza karibu na mlengaji, kisha inashuka na kuukata mara ya pili mbali zaidi. Umbali wa kusawazisha ni namna tu ya kuchagua makutano hayo yawe wapi.

Tuchukue kaliba inayojulikana kila mahali: .30-06, risasi ya greni 180 (karibu gramu 11.7) inayotoka kwa mita 823 kwa sekunde. Kwa sentimita, juu (+) au chini (−) ya mstari wa jicho, inakwenda takriban hivi:

| Umbali (m) | Imesawazishwa kwa 100 | Imesawazishwa kwa 200 |
|---|---|---|
| 25 | −1.5 | 0 |
| 50 | 0 | +3.5 |
| 100 | 0 | +7 |
| 150 | −4.5 | +6 |
| 200 | −13.5 | 0 |
| 250 | −28 | −11 |
| 300 | −49 | −28 |

Safu ya usawa wa mita 50 haipo, na si kwa kusahau. Ukisawazisha .30-06 kwa mita 50 risasi itapita karibu njia ileile ya mita 100, kwa sababu kwenye 50 inaukata mstari wa jicho ikipanda, halafu inabaki imeuegemea hadi karibu na 100. Kwenye karatasi ni kitu kimoja. Uwanjani sivyo: kosa la sentimita 1 kwenye mita 50 linakuwa sentimita 2 kwenye 100 na 4 kwenye 200. Anayesema "nimeiweka sawa kwenye hamsini, inatosha" ameiweka sawa nusu.

Safu ya mwisho ina jambo jingine la kutazamwa. Bunduki iliyosawazishwa kwa 200 inagonga palepale kwenye mita 25. Ndiyo maana 25 ni mahali pazuri pa kuanzia kazi, na mahali pabaya pa kuimalizia.

Mia dhidi ya mia mbili

Tuseme unakubali risasi ipande au ishuke sentimita 7.5 bila wewe kubadili pa kulenga. Kwa usawa wa mita 100, kipimo hicho kinakufikisha kama mita 170. Kwa usawa wa mita 200 kinakufikisha kama mita 235. Faida ya mia mbili, basi, ni mita 65 hivi za kulenga kifua moja kwa moja bila kufikiri. Kwenye nyika ya wazi ya Longido au Simanjiro, ambako swala granti anasimama mbali na hakuna hata kichaka cha kumnyatia, hizo mita 65 ni mali.

Bei yake inalipwa karibu. Kati ya mita 70 na 150 risasi iko juu ya msalaba kwa sentimita 5 hadi 7. Kwa pofu au kongoni hilo halidhuru, kwani eneo la moyo na mapafu ni kubwa kuliko kosa. Kwa swala pala nafasi inabana: eneo lake ni kama sentimita 18 kutoka juu hadi chini, ukilenga katikati unabakiwa na 9 kila upande, saba kati yake tayari imekwenda. Kwa digidigi au funo usijidanganye, risasi itapita juu ya mgongo.

Ongeza na udhaifu wa binadamu. Mwindaji anayeona mnyama ni mdogo ndani ya darubini humfikiria yuko mbali, akainua msalaba kidogo "kwa usalama". Bunduki ya mia mbili ikiongezewa mkono huo, mnyama wa mita 120 anakimbia mzima, au, vibaya zaidi, na jeraha la juu ya uti wa mgongo. Bunduki ya mia inasamehe tabia hiyo hadi mita 170.

Miombo ya Rungwa na Selous haimpi mtu nafasi ya kuona mita 250. Wanyama wengi huko hupigwa chini ya mita 150, mlengaji akiwa amesimama, bunduki juu ya magongo ya miguu mitatu. Mtu anayeweka matundu matatu ndani ya sentimita 3 akiwa benchini anaweza kuyatawanya sentimita 10 au 12 juu ya magongo kwa umbali uleule. Hizo sentimita 10 zijumlishe na zile 7 za kupanda. Kwa pori la namna hiyo mimi huchagua mia bila kusita, na wa mia mbili nawaomba wanionyeshe kwanza matundu yao ya magongo.

Kuna sababu nyingine inayoipendelea mia, na haizungumzwi sana. Darubini nyingi za kuwindia zisizo na nobu ya kurekebisha umbali wa picha hutoka kiwandani zimewekwa kwa yadi 100, yaani mita 91. Kwa umbali huo, jicho likikaa pembeni kidogo nyuma ya kioo, msalaba hauhami juu ya shabaha. Kwa 25 au 200 unaweza kuhama.

Upepo ndio unaoharibu kusawazisha kwa mbali

Mtu akitaka usawa wa mia mbili, haimaanishi lazima afyatulie mita mia mbili tangu mwanzo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha majani mabichi bila kukoma, unaisukuma risasi yetu kama sentimita 2 kwenye mita 100, na kama sentimita 9 kwenye mita 200. Ukisawazisha kushoto na kulia kwenye 200 siku ya upepo, umeingiza upepo wa siku hiyo ndani ya darubini, nao utakwenda nao porini asubuhi isiyo na upepo.

Njia salama: fyatulia mita 100, weka kundi lako sentimita 7 juu ya kitovu cha shabaha na kamili kushoto-kulia, ndipo uende 200 kuthibitisha kimo peke yake. Ikiwa pale kundi limehama pembeni na bendera ya uwanja inapepea, acha nobu ya pembeni ilivyo.

Hesabu ya nobu: darubini nyingi za Marekani huhamisha robo ya dakika ya duara (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii) kwa kliki, ambayo ni milimita 7 na ushee kwenye mita 100. Za mili, kipimo kingine cha pembe, huhamisha milimita 10. Kutoka usawa wa 100 kwenda wa 200 ni kliki 9 za robo dakika au 7 za mili. Kwenye mita 25 kliki hiyohiyo inasogeza robo tu ya kiasi hicho, kwa hiyo kosa la sentimita 5 pale linahitaji kliki 28 za robo dakika, na wageni hudhani nobu imeharibika.

Mita 50 ni ya nani

Ni ya kaliba nzito. .375 H&H (iliyotoka 1912), .416 Rigby (1911) na .458 Winchester Magnum (1956) zinabebwa kwa ajili ya nyati, ambaye kwa kawaida hupigwa chini ya mita 80, na kwa Tanzania .375 ndiyo kaliba ya chini inayokubalika kwake. Macho ya chuma ya bunduki za aina hii kwa desturi hulinganishwa kwa yadi 50.

.375 yenye risasi ya greni 300 kwa mita 771 kwa sekunde, ikisawazishwa kwa 50, inashuka chini ya sentimita 1 kwenye 100 na kama 6 kwenye 150. Hakuna unachopoteza. Unachopata ni mazoezi yanayofanana na kazi: darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa chini, umesimama, magongo mbele yako. Ukiisawazisha kwa 200 inapanda zaidi ya sentimita 8 kwenye mita 100, kimo kisicho na maana kwa bunduki ya nyati.

Jambo jingine ni teke. .30-06 ya kilo 3.6 inarudi begani na nishati ya karibu jouli 27. .375 ya kilo 4 inapita 50. Juu ya benchi, mwili ukiwa umeinama na bega halina pa kwenda, risasi ya tatu ya .375 huanza kumfundisha mtu kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ni ngumu kuifuta. Piga mbili au tatu benchini, kitambaa kinene begani, kisha simama. Na darubini ya .375 iwe na nafasi ya jicho (umbali kutoka kioo cha nyuma hadi jichoni) isiyopungua sentimita 9, ama sivyo itakukata juu ya nyusi.

Kabla ya risasi ya kwanza

Bunduki iliyounganishwa nyumbani ina maswali ambayo ya dukani haina. La kwanza halimhusu mwenyewe: nafasi kati ya uso wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na sehemu ya chemba inayoizuia risasi isiende mbele zaidi ipimwe na fundi kwa vipimo vyake viwili, kile ambacho bolti lazima ifunge juu yake na kile ambacho isifunge. Bila hicho hakuna kwenda uwanjani. Hakikisha pia kaliba iliyochongwa kwenye mtutu inafanana na ile iliyoandikwa kwenye pakiti.

Halafu skrubu. Za besi (bamba lililofungwa juu ya risiva), Newton mita 2 hadi 2.5. Za ringi (pete zinazoshika darubini), kama 2, zikazwe kwa zamu ili mwanya wa pande zote mbili ulingane. Zinazoshika risiva kwenye kitako ni 5 hadi 7, kutegemea kitako ni mti au plastiki; fuata maelezo ya aliyekiunda. Kwenye Remington 700 angalia skrubu ya mbele ya besi: ikiwa ndefu kupita kiasi inagota kwenye shina la mtutu au meno ya bolti, bolti inakataa kufunga, na watu hulaumu chemba. Angalia pia sanduku la magazini. Likiwa refu kidogo linainua risiva, nawe unakaza skrubu juu ya sanduku badala ya kitako. Linatakiwa kuchezacheza kidogo baada ya kukaza.

Mwisho, pitisha karatasi ya kawaida kati ya mtutu na kitako kutoka mbele hadi karibu na risiva. Ikikwama, pakumbuke mahali palipokwama.

Uwanjani, pakiti moja ya risasi 20

Miwani na vizuia sauti masikioni kwanza. Toa bolti, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka shabaha ya mita 25 ikae katikati ya duara, kisha bila kuigusa bunduki zungusha nobu mpaka msalaba ufike hapohapo. Rudisha bolti, fyatua moja. Kwa usawa wa 100 unataka tundu sentimita 1.5 chini ya unapolenga. Kwa 200, palepale. Rekebisha, fyatua nyingine kuhakikisha.

Okota maganda ya risasi hizo mbili na uyatazame. Bolti ikiwa ngumu kuinua, kiberiti cha ganda (kile kinachogongwa na pini) kimesagika au kutobolewa, au ganda lina mstari unaong'aa juu ya kitako chake, kazi ya siku imekwisha: bunduki inarudi kwa fundi. Usijaribu pakiti nyingine kuona kama itatulia.

Nenda 100. Mfuko wa mchanga ukae chini ya kitako, sio chini ya mtutu. Piga tatu bila kugusa nobu hata tundu la kwanza likiwa limekwenda Mombasa. Tafuta kitovu cha matundu hayo matatu, rekebisha kutoka hapo, acha mtutu upoe mpaka unaweza kuushika bila kujali, piga tatu nyingine. Mtutu mwembamba wa kuwindia juani unaweza kuhitaji dakika 10 au zaidi, na haraka hapa ndiyo hupoteza risasi nyingi kuliko kosa lolote jingine. Kundi la tatu ni la kuthibitisha. Umetumia 11. Tatu za mita 200, hata kwa aliyechagua usawa wa 100, ili ajue kwa macho kwamba 13.5 ya jedwali ni ngapi kwenye bunduki yake, maana mtutu mfupi hutoa mwendo mdogo. Tatu juu ya magongo. Zilizobaki tatu ziache.

Aliyebadili aina ya risasi anarudi mwanzo. Greni 165 na greni 180 kutoka mtutu mmoja zinaweza kugonga sentimita kadhaa mbali mbali, na si juu-chini peke yake.

Matundu yanasema nini

Matundu yakijipanga wima, angalia kwanza mahali mfuko unapogusa kitako na jinsi unavyopumua, kisha skrubu za risiva. Yakijipanga kwa ulalo, kila moja likiwa mbali zaidi na la kwanza kadiri mtutu unavyopata moto, kitako kinausukuma mtutu mahali ile karatasi ilipokwama. Hapo pakwanguliwe kwa msasa mpaka karatasi ipite mara mbili ikiwa imekunjwa.

Makundi mawili tofauti yenye nafasi katikati, kila moja zuri peke yake, ni kitu kilicholegea kinachohama kati ya sehemu mbili: ringi, besi, au risiva ndani ya kitako. Kutawanyika kusiko na mpangilio, kundi la sentimita 10 au 15, mara nyingi ni darubini yenyewe imekufa ndani. Ifungie darubini unayoiamini kabla ya kulaumu mtutu.

Kama bunduki haitaki kushuka chini ya sentimita 6 kwenye mita 100 baada ya yote hayo, isawazishe kwa 100 na usahau 200. Kundi la 6 kwenye mia ni 12 kwenye mia mbili hata bila upepo wala magongo, na zile mita 65 za faida zinakuwa za maandishi tu.

Baada ya ndege

Bunduki iliyosafiri ndani ya sanduku hadi Kilimanjaro au Dar es Salaam hupigwa tena kambini kabla ya kuwinda, na mwindaji bingwa atakutaka ufanye hivyo. Tumia risasi mbili kwa mita 100, mtutu ukiwa baridi, maana porini risasi inayohesabika ni hiyo ya kwanza. Yaliyo ndani ya sentimita 3 ya ulipotarajia yaache. Tofauti hiyo ni ya mkono wako na uchovu wa safari. Ikizidi, kaza skrubu za ringi na za risiva kwanza, piga tena, na nobu iguswe tu kama kundi limebaki palepale pabaya. Ndiyo maana bisibisi ya kupimia nguvu inasafiri kwenye sanduku la bunduki, pamoja na kikaratasi chenye safu yako ya jedwali kilichobandikwa ndani ya kifuniko cha darubini.